Jumanne na Ijumaa

Barua ya tatu kutoka shuleni ilisomwa Jumapili asubuhi, mlangoni, kwa sababu balbu ya chumbani ilikuwa imeungua tangu Alhamisi. Bibi alisimama kizingitini, karatasi kaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sahani iliyojaa mchuzi. Baba yake, Fundi, alikuwa juu ya kigoda, anashona mkanda wa begi la shule kwa ile sindano yake iliyopinda, ya kushonea makochi.

"Haya, soma. Wanataka nini tena hao?"

"Wazazi wote mnakumbushwa," Bibi alisoma, "kwamba kila mtoto alete fagio moja, na... na kopo la kumwagilia maua."

"Maua!" Fundi aliitoa sindano mdomoni ili acheke vizuri, lakini kicheko chenyewe kilitoka kikavu. "Watoto wanakaa sakafuni kama mizigo stendi, wao wanamwagilia maua. Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu, baba."

"Mbona ndefu?"

"Huku chini ni majina ya walimu."

Fundi aliguna. Yeye mwenyewe aliishia darasa la tatu. Herufi kubwa za kwenye mabango alizimudu, lakini mwandiko wa mkono ulimchezea machoni kama siafu. Kwa hiyo kila karatasi iliyoingia nyumba ile, ya maji, ya umeme, ya shule, ilipita kwanza kwa Bibi. Bibi hakuwa bibi wa mtu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na aliitwa hivyo kwa sababu alirithi jina la mama yake Fundi. Mdogo wake, wa miaka minne, wote walimwita Kitinda, maana baada yake hakuzaliwa mwingine. Mama yao alifariki Kitinda akiwa na miaka miwili na nusu.

Bibi aliikunja ile barua mara mbili, kisha mara nyingine mbili, mpaka ikawa ndogo kama kipande cha sabuni, akaitia mfukoni mwa sketi.

"Fagio tutanunua," alisema Fundi. "Kopo waambie baba yako amesema wakamwagilie kwa kofia zao."

Kitinda alicheka chini ya meza. Bibi hakucheka.

*

Jumanne, saa nne asubuhi, karakana ilikuwa imejaa vumbi la sponji. Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi la watu watatu, anavuta kitambaa kwa koleo, anakipigilia pini. Hii ndiyo hatua ambayo haitaki mchezo: ukilegeza mkono kidogo tu, kochi zima linakunja uso. Mbele yake Seremala, rafiki yake wa miaka mingi, alikuwa anasugua mguu wa kiti kwa msasa huku akimsimulia habari za mke wake na kuku wa jirani.

Aliingia mjumbe wa ofisi ya mtaa, mzee mmoja mwenye mkoba wa plastiki, wa wale ambao ukiwaona hawajawahi kukuletea habari njema.

"Nani hapa anaitwa Fundi wa makochi?"

"Hapa wote mafundi wa makochi," alijibu Seremala. "Unamtaka mzuri au mwenye maneno mengi?"

"Mwenye binti darasa la tano, shule ya hapo bondeni."

Fundi aliinuka, akajifuta mikono. Mjumbe akatoa bahasha, akamsainisha daftari, akasimama pale pale kungoja kuona itakuwaje. Fundi aliigeuza bahasha, akaitazama pande zote mbili, halafu akampa Seremala kama anayempa nyundo.

"Nisomee. Miwani sina."

Fundi hakuwahi kuwa na miwani. Seremala alipasua bahasha, akakohoa kidogo kwa madaha, akaanza kwa sauti ya mtangazaji ili vijana wa cherehani nao wasikie.

"Kwa mama wa mwanafunzi wa darasa la tano, kuhusu utoro wa kupindukia. Umeitwa shuleni kwa barua mara tatu na hukufika. Huu ni uzembe wa hali ya juu kwa mzazi wa kike. Usipofika wewe mwenyewe, ana kwa ana, leo au kesho, suala la watoto wako litakabidhiwa kwa afisa wa ustawi ili..." Sauti ya mtangazaji ilikuwa imeshakufa. Alimalizia chinichini. "Ili watafutiwe malezi mengine."

Cherehani mbili zilizokuwa zinakimbia zilisimama. Wote pale walikuwa wamemzika yule mama. Seremala ndiye aliyepigilia misumari ya jeneza.

"Rudia pale pa mama," alisema Fundi.

"Usipofika wewe mwenyewe, ana kwa ana."

"Wanamwita." Aliipokonya karatasi. "Mwaka mmoja na nusu. Nilikwenda mwenyewe pale shuleni kuwaambia, karani akasema lete cheti cha kifo. Nikaenda kwa cheti, cheti hakijachapwa, mchapaji yuko semina. Nikarudi, semina imeisha, wino umeisha. Leo wananiletea mjumbe wanamwita mzembe!"

"Fundi, taratibu," alisema Seremala.

Tajiri, mwenye karakana, alichungulia kutoka kiofisi chake cha vioo. "Ukitoka sasa hivi, hilo kochi la mteja atamaliza nani?"

"Mwambie mteja akae chini," alisema Fundi. "Watoto wetu wanakaa."

Aliondoka na koleo mkononi. Alilitambua akiwa nusu ya njia, akalitia mfukoni, likawa linampiga pajani kila hatua.

*

Ofisi ya Mwalimu Mkuu ilikuwa na dirisha moja, kabati moja lisilofunga, na mama mmoja mnene mwenye macho ya kuchoka ambaye alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha juu ya madaftari. Alikuwa mgeni pale. Yule aliyemtangulia alihamishwa. Siku hizi wanahamishwa kama magunia, na kila anayekuja anaanza kukujua upya.

Fundi hakusubiri kuambiwa karibu.

"Nani kaandika hii?"

"Nimeandika mimi. Na wewe ni nani?"

"Mimi baba."

"Mimi nilimwita mama." Mwalimu Mkuu aliuweka muhogo pembeni, akajifuta vidole. "Samahani, baba, lakini ninyi kina baba mnakuja hapa, mnafoka, mnaondoka, mtoto anabaki vile vile. Mimi nataka mama mtu. Anatuandikia barua kila wiki, kuja hataki. Mkeo yuko wapi?"

"Makaburini. Safu ya tatu, karibu na ukuta."

Nje watoto walikuwa wanaimba jedwali la saba. Mwalimu Mkuu alivuta mtoto wa meza, akatoa bahasha kubwa ya kaki, akaimwaga. Karatasi zilitapakaa, nyingi, zimechanwa kwenye daftari la mistari, zimekunjwa mara nne.

"Basi hizi," alisema polepole, "ni za nani?"

Fundi aliokota moja. Ule mwandiko aliujua bila kuusoma. Ndio uliokuwa kwenye mlango wa kabati la nyumbani, kwa chaki: chumvi, sukari, sabuni.

"Soma," alisema.

"Baba..."

"Soma, mwalimu. Mimi sisomi."

Mwalimu Mkuu alivaa miwani.

"Mwalimu, mwanangu hakuja jana, tumbo lilimsokota. Mimi mama yake." Akachukua nyingine. "Mwalimu, mdogo wake ana homa na mimi niko kazini. Nimemwambia abaki. Mimi mama yake." Nyingine. "Mwalimu, samahani sana. Jana nguo zilikuwa nyingi na mvua ilitaka kunyesha. Msimchape, ni mtoto mzuri, namjua. Mimi mama yake."

Fundi alikuwa bado amesimama. Koleo lilikuwa linamchoma pajani.

"Hii ya mwezi uliopita ndiyo iliyonikasirisha," alisema Mwalimu Mkuu, na sauti haikuwa tena ya kukasirika. "Mwalimu, baba yao msimwite. Akitoka kazini tajiri atamfukuza, na akifukuzwa anakuwa mkali. Kama kuna jambo niandikieni mimi. Ila kuja sitaweza, niko mbali kidogo. Mimi mama yake."

Jedwali la saba lilifika mwisho, likaanza upya.

"Mlikuwa hamwoni?" Fundi aliuliza. "Mwandiko wa mtoto huu! Mlikuwa hamwoni?"

"Darasa lake lina watoto tisini na wanne, baba. Mwalimu wao mmoja. Ananiletea karatasi, naona mama kaandika, nashukuru Mungu kuna mama anayeandika." Aliivua miwani. "Na wewe ulikuwa huoni? Kila Jumanne na Ijumaa, mwaka mzima."

"Mtoto wangu yuko darasani sasa hivi. Mwite."

"Leo Jumanne," alisema Mwalimu Mkuu.

Fundi alikaa. Hakuambiwa akae, na kiti chenyewe kilikuwa na madaftari, aliyakalia.

"Afisa wa ustawi nimeshampelekea jina, sikungoja kesho," Mwalimu Mkuu aliongeza. "Nilimpelekea nikidhani kuna mama mzembe. Sasa likishafika kwao halirudi. Atakuja kwako Alhamisi. Jiandae na la kumwambia."

*

Pale uchochoroni kwao, Mama Mkaa alikuwa mbele ya mlango wake. Huyu ndiye Fundi aliyemwamini. Kila alfajiri, kwa jinsi alivyojua yeye, Kitinda alivuka uchochoro na kukaa kwa Mama Mkaa mpaka dada yake arudi shule.

Lakini leo Mama Mkaa alikuwa na mizigo kwenye toroli na kanga ya safari.

"Mtoto wangu yuko wapi?"

"Yuko kwako, atakuwa wapi? Mimi Jumanne na Ijumaa niko sokoni. Hapa nimerudia mizani tu."

"Tangu lini?"

"He! Tangu mwaka jana, baba. Nilimwambia Bibi akuambie."

"Kwa nini hukuniambia mwenyewe?"

Mama Mkaa alijishika kiuno. "Wewe unaambilika? Mtu akikuambia jua limewaka, wewe unataka kujua nani kalipa ruhusa. Nilisema, ngoja mwanawe amwambie, mwanawe atavumiliwa." Akamtazama vizuri zaidi, akalegeza sauti. "Kuna nini, Fundi?"

Lile jengo la chekechea lilikuwa pale pale mwisho wa uchochoro, limepakwa rangi ya njano. Wakubwa walikuja kulizindua mara mbili, mara ya kwanza kwa utepe mwekundu, mara ya pili kwa utepe wa bluu, na kati ya tepe hizo mbili hakuna mtoto hata mmoja aliyevuka mlango. Kufuli lilikuwa limeota kutu. Fundi alilipita bila kulitazama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Siku zote alilitupia tusi.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Bibi alikuwa amekaa sakafuni, Kitinda kampakata, daftari la hesabu kaliegemeza mgongoni mwa mdogo wake anaandika. Alimwona baba yake saa sita mchana, na koleo mfukoni, akajua. Hakulia. Aliinuka, akaenda kwenye kona ya nguo, na hapo ndipo Fundi alipoviona vifurushi viwili. Kimoja kikubwa, kimefungwa kwa kanga ya marehemu. Kingine kidogo, kimefungwa kwa mfuko wa sukari.

"Hivi ni nini?"

"Hiki cha Kitinda. Hiki changu." Alikuwa anaongea kama anayekabidhi vitu vya watu. "Taulo zuri nimemwekea yeye. Na kijiko chake, hali kwa kingine. Mwambie mama mdogo asimfunike uso akilala, anaogopa."

"Nani amekwambia mnakwenda kwa mama mdogo?"

"Wewe."

"Mimi? Lini?"

"Siku ya sufuria."

Fundi alitafuta siku ya sufuria kichwani mwake, hakuipata.

"Ile siku uji uliungua," alisema Bibi. "Tajiri alikukata siku yako kwa kuchelewa. Ukaja, ukaitupa sufuria nje. Ukasema ukisikia tena shida moja ya nyumba hii, moja tu, utatugawa. Kitinda kwa mama mdogo, mimi kijijini kwa shangazi, kila mtu kivyake. Basi Mama Mkaa alipokataa Jumanne na Ijumaa, hiyo ilikuwa shida." Alikivuta kile kifurushi kidogo karibu. "Sasa ningekwambiaje?"

Fundi aliitazama sufuria. Ilikuwa imening'inia kwenye msumari wake, imebonyea ubavuni. Kwa miezi yote hiyo alikuwa anakunywa uji wake, na hakuwahi kujiuliza ilibonyezwa na nini.

"Lilikuwa neno la hasira, Bibi."

"Mimi nitajuaje la hasira na la kweli? Yote unayasema kwa sauti moja."

Kitinda aliutazama uso wa baba, kisha wa dada, akachagua wa dada, akamshika sketi.

*

Jumatano Fundi alisimama mbele ya kile kiofisi cha vioo kabla karakana haijafunguliwa. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, yakamponyoka mlangoni.

"Foronya za mito," alisema. "Na kushona kingo kwa mkono. Hizo si lazima nizishonee hapa. Jumanne na Ijumaa nizichukue nyumbani."

"Nyumbani kuna nini?"

"Kuna mtoto."

Tajiri aliegemea nyuma. "Mwanamume mzima unaniomba ruhusa ya kulea?"

"Wako wanalelewa na nani, tajiri?" aliuliza Seremala, ambaye alikuwa hajaitwa lakini amefika.

"Na mama yao, na nani tena?"

"Basi mwenzako hana huyo mtu. Wewe ulikuja ukala wali wa matanga, umesahau?"

Tajiri alitazama nje, akahesabu makochi kwa macho. Hizo siku mbili, alisema, Fundi hatalipwa kwa siku. Atalipwa kwa foronya, na foronya ikirudi na mkunjo hailipwi. Isitoshe, la kumjibu mteja kwamba akae chini hajalisahau. Fundi alisema sawa. Siku nyingine angesema mengi juu ya watu wanaonenepa kwa migongo ya wenzao. Alisema sawa tena, ili lisikike.

*

Afisa wa ustawi alifika Alhamisi saa tisa, kijana wa viatu vinavyong'aa, na nyuma yake mama mdogo, ndugu ya marehemu, aliyekuwa ameitwa kwa simu. Afisa alitafuta pa kukaa. Kulikuwa na kitanda, kigoda kimoja, na meza.

"Fundi wa makochi huna kochi?"

"Nashona. Sikalii."

Afisa alichagua kigoda, akaweka fomu juu ya magoti. "Aina ya familia," alisoma. "Kamili, isiyo kamili." Akaweka alama kabla hajauliza. "Mlezi wa kike anayeishi ndani ya kaya?"

"Hakuna."

"Hakuna," aliandika.

"Afisa, mimi sina maneno mengi," alisema mama mdogo, aliyekaa ukingoni mwa kitanda, mkoba kifuani. "Shemeji anajua sina roho mbaya naye. Nyumbani kwangu kuna baba, kuna mimi, kuna bomba ndani. Mtoto sijajaliwa. Nichukue huyu mdogo. Mkubwa abaki, ameshakuwa mkubwa, anamsaidia baba yake."

"Ni wazo zuri," alisema Afisa. "Kaya kamili ni bora kwa ustawi wa mtoto. Ndivyo tulivyofundishwa."

Mama mdogo hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lilimchanganya Fundi. Alikuwa amejiandaa kwa adui, akaletewa mwanamke anayefanana na mke wake kwenye mashavu, mwenye bomba ndani.

Afisa alimwinamia Kitinda. "Mama, nani anakuogesha?"

"Bibi."

"Nani anakupa uji?"

"Bibi."

"Na baba?"

Kitinda alifikiri kweli kweli. "Baba anarudi," alisema.

Kalamu ilikwaruza. Fundi alisogea karibu na kigoda.

"Kwenye hiyo fomu yako," alisema, "kuna mahali pa kuandika kwamba chekechea ya hapo nje imezinduliwa mara mbili na ina kufuli?"

Afisa alipekua ukurasa wa mbele na wa nyuma, kwa uaminifu. "Hapana. Hakuna kisanduku."

"Najua hakuna." Palikuwa na mengine ya kusema, ya semina, ya wino, ya madarasa ya watoto tisini, na yote yalikuwa kweli, na angeweza kuyasema mpaka jua lizame. Bibi alikuwa amesimama ukutani, vile vifurushi viwili nyuma ya miguu yake, hakuwa amevifungua. "Basi andika langu, popote penye nafasi. Nilisema nitawagawa. Nilisema mimi, si serikali, wala si shemeji. Mtoto akaogopa, akaacha shule siku mbili kila wiki ili mimi nisisikie shida. Kuanzia kesho, kila Jumanne na Ijumaa, nashonea hapa. Mama Mkaa atabaki na siku zake. Tajiri amekubali, kamuulize."

"Shemeji, wewe ulee?" alisema mama mdogo, na hakuwa anakejeli. "Hata kumsuka nywele hujui."

"Nashona sofa za watu wazito, nywele zitanishinda?"

"Zitakushinda," alisema mama mdogo, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, kisha akafuta macho haraka.

Afisa alimgeukia Bibi. "Wewe binti unataka nini? Unataka mdogo wako abaki? Unataka kwenda kwa mama mdogo? Sema usiogope."

Bibi alimtazama baba yake, kisha fomu.

"Nataka mtu wa kukaa Jumanne na Ijumaa," alisema.

Kijana yule aliigeuza fomu, akatafuta kisanduku, akakosa, akaandika pembeni, karatasi imelala ubavu. Miezi mitatu, alisema, kwa uangalizi. Atapita bila taarifa. Akikuta mkubwa hayuko shule hata siku moja, mdogo ataondoka siku hiyo hiyo, na yeye hatakuwa na la kufanya.

"Na mimi Jumamosi nitakuja kusuka," alisema mama mdogo. "Siombi ruhusa."

*

Ijumaa asubuhi foronya kumi na mbili zilikuwa zimelundikwa juu ya kitanda. Bibi alikuwa amevaa sare tangu alfajiri, lakini hakuondoka. Aliifunika sufuria ya uji, akaifunua, akaifunika. Akamwonyesha baba yake kijiko. Akaeleza kwamba Kitinda akisema hataki maana yake kimemuunguza, apuliziwe. Akaeleza kwamba akilia bila sababu sababu ni sikio la kushoto. Alifika mlangoni, akarudi kuhamisha sindano kutoka ukingo wa kitanda.

"Utachelewa," alisema Fundi. Kisha akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa zilizosukumana, na imefutwa mpaka imetoboka sehemu mbili. Ilimchukua jioni nzima. "Mpe mwalimu. Lakini nisomee kwanza nisikie."

Bibi aliishika. "Nisome kama ilivyo?"

"Kama ilivyo."

Alisimama kizingitini, mahali pake pa siku zote.

"Mwalimu. Mama yao alifariki. Barua zake usizitupe, nitazifuata. Jambo likitokea niite mimi. Mimi baba yao."

Aliisoma tena, kimya. Akaikunja mara mbili tu, akaitia ndani ya daftari isijikunje zaidi, akaondoka. Mwisho wa ukuta wa chekechea aligeuka. Kwenye duka la mafuta ya taa aligeuka tena, akasimama, mguu mmoja umeelekea shule na mwingine nyumbani. Fundi alimpungia sindano, nenda. Alikwenda.

Kitinda alianza kulia mara moja. Fundi alimpa foronya, akaitupa. Akampa koleo, akalitupa. Alimpakata hivyo hivyo na machozi yake, akajaribu kutunga uzi kwenye tundu la sindano mikono imemzunguka, kama alivyomwona Bibi na daftari lake la hesabu. Uzi haukuingia. Mtoto alijipinda, akaunguruma, akasema anataka Bibi. Haikuwa imetimia hata nusu saa.

Ndipo kengele ya shule ikalia. Ilikuwa ringi ya gari iliyotundikwa mtini na kupigwa kwa chuma, na Fundi aliijua kwa kuiona tu. Saa hizi miaka yote alikuwa karakana, katikati ya nyundo. Hakujua kama inasikika mpaka hapa. Iliingia chumbani wazi kabisa, pigo kwa pigo, kana kwamba inapigwa nje ya mlango.

Kitinda aliacha kulia ghafla, akainua kidole.

"Imelia," alimwambia baba yake. "Sasa Bibi huwa ananyamaza. Usiongee mpaka iishe."

Fundi akanyamaza, mpaka ikaisha.